Majina Arobaini na Moja

Vijana wangu mnaokuja kuniuliza habari za ukarani, mnataka niwaambie jinsi mtu aliyeacha shule darasa la sita alivyopata kiti, meza na kompyuta. Nitawaambia. Lakini nitapitia kwanza kwenye karatasi moja niliyoiandika mimi, ikapigwa muhuri, ikasomwa mbele ya watu. Nimeipiga hesabu upya mara nyingi tangu siku ile. Haina kosa la kujumlisha wala la kugawanya. Katika makosa yote niliyofanya kazini, na nimefanya mengi, ile karatasi isiyo na kosa ndiyo inayonifanya nione haya mpaka leo.

Makosa mengine nayasimulia nikicheka. Wiki yangu ya kwanza kushika kalamu ya stoo, niliandika kwamba Wafula, mpakiaji wa lori, amebeba magunia mia nne kwa siku moja. Alikuwa amebeba arobaini. Sifuri moja iliponyoka. Ijumaa alipoona jina lake kwenye orodha ya malipo alinivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Karani, ndugu yangu, hii hesabu iko sawa kabisa. Usiiguse." Kabla ya hapo, nilipokuwa bado nazurura, niliwahi kununua gunia la viatu vya mitumba pale Malaba. Nilihesabu viatu sitini nikafurahi, nikalipa, nikalibeba mpaka Tororo sokoni. Vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto.

Nilikuwa mtu asiyekaa. Kwetu ni Buteba, upande wa Uganda. Shuleni mwalimu akianza kueleza jambo, macho yangu yalikuwa dirishani yakimwangalia fundi wa baiskeli akinyoosha gurudumu, na nilitaka kujua kwa nini anagonga upande ule na si huu. Siku moja nilitoka kwenda kumwuliza na sikurudi darasani. Nimefyatua matofali Molo, nimechoma mkaa, nimevusha abiria mpakani kwa baiskeli mpaka pikipiki zikatufukuza. Kila kazi niliiacha nikishajua inavyofanyika. Ndiyo maana nikafika umri wa kuitwa mzee bila kuwa na kitu isipokuwa maswali.

Stoo yenyewe ilikuwa Busia, upande wa Kenya. Ilikuwa ya maharagwe. Maharagwe yalikuja na malori kutoka Uganda yakiwa na mawe, maganda na punje zilizooza, na wanawake waliyachambua wakiwa wameketi sakafuni juu ya maturubai. Wanaume walishusha na kupakia. Mwenye stoo tulimwita Madam. Alikuwa mjane, na mumewe alipofariki aliiendesha ile kazi mwenyewe, akisimama kwenye mizani kuanzia asubuhi. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa na sheria chache na alizishika.

Niliingia pale kama mpakiaji. Lakini nilikuwa nikishusha gunia nauliza mizani inajuaje uzito, na karani wa wakati ule, Mzee Ekisa, mtu wa kabila la Wateso mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akachoka kunifukuza, akaamua kunifundisha. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umeanza kumla macho. Alihitaji mtu wa kumsomea tarakimu, na mimi nilihitaji mtu wa kunijibu.

Alinifundisha kwa maharagwe. Alipanga mafungu matano mezani. Mafungu manne yalikuwa na punje mbili mbili, na fungu la tano lilikuwa na punje kumi na mbili.

"Hawa ni wafanyakazi watano. Kila mmoja analipwa ngapi kwa wastani?"

Nilizichanganya, nikapata ishirini, nikagawanya kwa tano. "Nne, Mzee."

"Haya, nionyeshe mwenye nne."

Nikaangalia. Hakuna aliyekuwa na nne.

"Wastani ni mtu ambaye hajazaliwa," akasema. "Mheshimu, lakini usimpe kazi ya kujibu peke yake. Wapange watu wako kwa mstari, mwenye kidogo mbele, mwenye kingi nyuma, kisha mwite aliye katikati. Huyo ana jina. Huyo unaweza kumwuliza."

Alinifundisha pia kuangalia wa chini kabisa na wa juu kabisa kabla ya kuangalia kitu kingine, kwa sababu hapo ndipo sifuri zilizoponyoka hujificha. Na alinipa kanuni moja ambayo ningeishika nisingekuwa na la kuwasimulia. Alisema jibu likikushangaza, funga daftari, toka nje, kawaangalie watu wenyewe.

Mzee Ekisa alipopoteza macho kabisa nilirithi kiti chake. Baadaye kompyuta ikaja, nikajifunza kwa kubofya kila kitu mpaka kitu kivunjike. Nilijifunza kupanga jedwali, kulifanya lijumlishe lenyewe, na kuchora nguzo za rangi, ya bluu kwa wanaume na ya waridi kwa wanawake. Ninyi leo mnafanya haya kwenye simu mkiwa mnakula mandazi. Kwangu mimi ilikuwa kama nimepewa macho mengine.

Sasa nifike kwenye kadi.

Kila mchambuzi alikuwa na kadi yenye jina lake. Gunia alilomaliza lilipimwa, likaandikwa kwenye kadi, na malipo yakafuata kadi. Kadi za wachambuzi zilikuwa arobaini na moja, basi. Sheria ya Madam ilikuwa kadi moja, mtu mmoja. Asubuhi moja, kadi ikiwa imebaki moja tu, walikuja wanawake wawili kutoka Kisoko, wake wa mume mmoja. Mkubwa aliitwa Athieno, mdogo aliitwa Nyachwo. Walikuwa wametoka nyumbani alfajiri na vumbi lilikuwa limewafika magotini.

"Nafasi ni ya mmoja," nikawaambia.

Athieno akamwangalia mwenzake, akanijibu kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka. "Karani, sisi nakula chungu moja. Sasa mmoja narudi nyumbani kufanya nini? Kuangalia chungu?"

Nikacheka. Nilipenda watu wanaojibu hivyo. Nikafikiri kidogo, nikaona njia, na nikajiona mwerevu sana. "Ingieni wote," nikasema. "Mtakaa turubai moja. Mimi nitaandika jina moja, mtagawana wenyewe."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mimi ndiye niliyeianzisha. Wenzao wakaona, na katika miezi michache karibu kila kadi ikawa na wanawake wawili juu ya turubai moja, mmoja mwenye jina na mwingine asiye nalo. Waliitana "wa turubai langu". Wanaume hawakuweza kufanya hivyo, maana gunia huingia mgongoni kwa mtu mmoja. Madam alikuwa kwenye mizani na kwenye simu na wanunuzi wake, na aliona wanawake wengi wakichambua haraka, akafurahi.

Mimi nilijua idadi yao kwa hakika. Kila jioni watu wakitoka, mimi ndiye niliyesimama getini kuhakikisha hakuna anayetoka na maharagwe. Kila mwanamke alifungua leso yake, akaikung'uta mbele yangu, nami nikatia alama kwenye daftari la geti. Daftari la malipo lilikuwa na wachambuzi arobaini na moja. Daftari la geti lilikuwa na wachambuzi sabini na sita. Madaftari yote mawili yalikaa juu ya meza yangu na yote yalikuwa na mwandiko wangu.

Mambo yakaenda hivyo mpaka wanawake walipoomba waongezwe bei ya gunia. Athieno ndiye aliyewasemea. Walisema wanakaa pale tangu asubuhi mpaka jioni sawa na wanaume, lakini wanachopeleka nyumbani hakifanani. Wakati ule ule wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wameleta fomu inayouliza kama stoo inawalipa wanawake na wanaume sawasawa. Madam akaviunganisha viwili hivyo. Akatuita wote uani, akasema, "Mimi ni mwanamke. Siwezi kukubali mwanamke mwenzangu alipwe chini ndani ya stoo yangu. Karani atatuletea hesabu Ijumaa. Kama wanawake wako chini, Jumatatu naongeza. Kama hawako chini, tusisumbuane."

Nawaomba mlisikie hilo. Hakuwa na hila. Aliliweka jambo zima mikononi mwangu, na alimaanisha.

Siku iliyofuata Athieno alikuja mezani kwangu akijifanya anauliza kadi yake. Akainama, akasema polepole, "Karani, wewe najua sisi ni wangapi. Ukisema wewe, Madam nasikia. Tukisema sisi, nafukuza sisi. Hesabu vizuri."

"Nitaangalia," nikamwambia.

"Usiangalie. Hesabu."

Alhamisi nikakaa na kompyuta yangu. Nikaingiza malipo ya mwezi ya kila jina, wanawake safu moja, wanaume safu nyingine. Nilifanya yote niliyofundishwa. Nilitafuta wastani wa kila upande. Nilimtafuta mtu wa katikati wa kila upande. Niliandika wa chini kabisa na wa juu kabisa. Nikachora nguzo zangu za bluu na za waridi. Na nguzo ya waridi ikatoka ndefu kidogo kuliko ya bluu. Kwa wastani wanawake waliwazidi wanaume kwa bei ya kilo moja ya sukari. Hata mwanamke wa katikati alimzidi mwanamume wa katikati.

Lilinishangaza. Mzee Ekisa angetaka nitoke nje. Sikuwa na haja ya kwenda mbali hivyo, ningenyoosha mkono tu. Daftari la geti lilikuwa karibu na kiwiko changu. Nilijua mara moja kilichotokea. Kila mstari wa mwanamume ulikuwa mtu mmoja na kila mstari wa mwanamke ulikuwa karibu watu wawili, na hakuna wastani wala mtu wa katikati anayeweza kuliona hilo, kwa sababu kompyuta huhesabu mistari. Haijui aliyekaa upande wa pili wa turubai.

Ningeweza kuandika sentensi moja chini ya jedwali. Niliiandika hata kichwani. Lakini baada ya sentensi ile Madam angeuliza nani aliyewaruhusu. Ningerudi kuwa mtu wa baiskeli na tofali, katika umri ule, na mgongo ule. Nikalichukua daftari la geti, nikalitia kwenye droo. Kisha nikabadilisha rangi ya waridi, nikaifanya ikolee kidogo ionekane vizuri kwenye karatasi.

Ijumaa mchana nilisoma mbele ya wote. Nilisoma kwa sauti ya mtu aliyesoma. Nilipofika penye kilo ya sukari, wapakiaji walipasuka kwa kicheko.

"Wee! Kumbe hawa mamaz ndio mabosi!" Wafula akapiga makofi. "Leo chai ni juu yao!"

"Athieno, nioe mimi," mwingine akasema. "Nitakaa nyumbani niangalie watoto."

"Wewe nani anaoa?" Athieno akamjibu bila kumgeukia. "Jasho yako tu namaliza sabuni yangu." Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. "Karani, soma tena. Pole pole."

Nikasoma tena.

"Hiyo mwanamke ya katikati. Jina yake nani?"

Nilitamani Mzee Ekisa asingenifundisha kitu. Nikasoma jina. Lilikuwa la Akello, mwanamke mpole aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, na bega lake lilikuwa limegusana na la mwenzake wa turubai.

"Akello," Athieno akasema, "hiyo pesa yote nakula peke yako?"

Akello akaangalia chini. Alikuwa na watoto wanne, na alijua kila jibu lingemgharimu. Wapakiaji wakaacha kucheka.

"Sawa, wacha Akello," Athieno akasema. Akamshika Nyachwo mkono, akamsimamisha. Kwa mkono mwingine akainua kadi. "Madam, hii jina ni yangu. Hii pesa ni ya watu wawili. Mimi na huyu, mke mwenzangu. Mwezi yote nafanya kazi wawili, nalipwa moja, nagawa katikati. Sasa Karani nasema mimi napita Wafula. Gawa katikati halafu uone kama napita."

Madam aliiangalia kadi, kisha akamwangalia Nyachwo, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Alikuwa amemwona kila siku. Kisha akanigeukia mimi.

"Karani, ulijua?"

Athieno naye akaniangalia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa ananingoja, kama vile mtu anavyomngoja mwenzake anyanyue upande wake wa mzigo.

"Hapana, Madam," nikasema. "Sikujua."

Wanawake sabini na wanne waliobaki walilisikia neno hilo, na kila mmoja wao nilikuwa nimemfungulia geti asubuhi ile. Walielewa haraka kuliko mimi kwamba kama karani hajui, basi hawapo.

Madam aliichukua ile kadi. "Kama mtu angeangukiwa na gunia humu ndani," akasema, "na jina lake sinalo, ningemjibu nini mume wake? Kadi moja, mtu mmoja. Hii sheria kila mtu anaijua." Akawalipa wawili wale siku zao, akawaambia waende. Kuhusu bei ya gunia akasema hesabu imesomwa, na ameisikia.

Kazi yangu ya geti haikungoja jioni siku ile. Waliotoka ilibidi wakaguliwe. Nyachwo alikung'uta leso yake haraka, akapita bila kuniangalia. Athieno aliifungua yake taratibu, akaishika pembe mbili, akaikung'uta mpaka vumbi likaniingia puani.

"Angalia vizuri, Karani. Iko hata moja?"

"Hakuna, mama."

"Basi andika. Watu wawili natoka."

Nikaandika wawili. Mkono wangu ulikuwa imara kabisa. Hilo ndilo linalonishangaza nikikumbuka, jinsi mwandiko ule ulivyokuwa mzuri.

Mngetaka niwaambie kwamba hapo niliacha kazi. Sikuacha. Kuanzia Jumatatu Madam alikagua kadi mwenyewe asubuhi, na wanawake wasio na majina wakarudishwa kwao, Tororo, Buteba na kwingineko. Waliobaki kila mmoja alichambua peke yake. Mwisho wa mwezi nikapiga hesabu ile ile, kwa jedwali lile lile. Safari hii mstari ulikuwa mtu. Nguzo ya waridi ilianguka mpaka ikazidi kidogo tu nusu ya ile ya bluu.

Madam aliiangalia karatasi ile mpya akiwa amesimama. Jumatatu akaongeza bei ya gunia, kama alivyoahidi, na akaongeza zaidi ya walichoomba. Akello alipiga vigelegele. Kisha Madam akasema mbele ya wote kwamba stoo ina bahati ya kuwa na karani mwangalifu, mtu anayerudia hesabu zake. Akaniongeza mshahara na mimi.

Niliupokea. Hakuna siku niliyosema, "Madam, warudishe wale wawili." Kusema hivyo kungehitaji kueleza ninawajuaje. Nilikaa kwenye stoo ile miaka mingine kadhaa, mimi niliyekuwa nikiondoka kila mahali, na nadhani nilikaa kwa sababu mtu anayejificha huogopa kuhama.

Katika miaka ile niliwafundisha vijana wengi, na mtasikia wakisema kwamba Mzee alikuwa mkali kwa jambo moja. Nilikuwa nikichukua jedwali lao, naweka kidole kwenye mstari wowote, nauliza, "Huyu ni nani? Ni wangapi? Anafika saa ngapi, anatoka saa ngapi?" Ukitaka kulinganisha malipo ya wanaume na wanawake, wastani ni kazi ya dakika moja. Kazi ya wiki nzima ni kujua kama mstari wa huyu na mstari wa yule ni vitu vya aina moja. Wako wapi wasio kwenye orodha? Nani anafanya kazi ya nani? Gawa pia kwa siku, gawa kwa saa. Tafuta daftari lingine lililoandikwa na mtu mwingine kwa sababu nyingine, kama la geti, la uji, la vyoo, ulilinganishe na lako. Nilijulikana kwa hayo. Watu walidhani nimeyasoma mahali.

Nilipostaafu nilipanda pikipiki kutoka Tororo mjini mpaka Kisoko, nikauliza nyumba. Niliwakuta wote wawili nje, wakibambua karanga. Athieno alikuwa amezeeka kidogo, mimi nilikuwa nimezeeka sana. Alinitambua nikiwa bado nalipa nauli.

"Karani! Wewe nakuja kuhesabu karanga?"

Waliniketisha, wakanipa maji, Nyachwo akaenda kupika. Nilikula chakula chao, kalo, ule ugali wa ulezi, na mchuzi wa karanga. Kisha nikasema nililokuja nalo. Nikawaambia bei ya gunia ilipanda baada yao, na kwamba tangu hapo nimefundisha vijana wengi ukarani. Nikawaambia imepanda kwa sababu yao. Nikasema siku ile nilidanganya, na naomba wanisamehe.

Athieno aliendelea kubambua. Maganda yalianguka miguuni pake.

"Hiyo bei," akasema, "Akello napata?"

"Anapata, mama."

"Hiyo ni vizuri." Akapuliza maganda mkononi. "Madam najua kwamba wewe ulijua?"

"Hapana."

"Wale watoto wewe nafundisha kazi, wao najua?"

"Hapana."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nikae. "Sasa mimi unaniambia nini, Karani? Mimi nilikuwa pale. Kwenda ambia wale hawakuwa pale."

Akanifungia karanga kwenye mfuko, nyingi kuliko ninavyostahili, akanisindikiza mpaka barabarani kama mgeni yeyote.

Nilikwenda kwa Madam kwanza, kabla yenu. Bado yuko kwenye mizani ile, ingawa siku hizi ana kiti karibu nayo. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: nani aliyewaingiza, daftari la geti, droo, na jibu nililompa. Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Aliendelea kupima mpaka lori zima likaisha. Kisha akafungua daftari jipya, akachukua kalamu.

"Nitawaita warudi wakitaka," akasema. "Wote wawili, kila mtu na kadi yake." Akaandika jina la Athieno lote, maana lilikuwa limebaki kwenye orodha zake za zamani. Akashuka mstari mmoja. "Na yule mwenzake. Nyachwo nani?"

Niliwahi kumhesabu kila jioni kwa muda mrefu. Nilikuwa nimetoka kula chakula alichokipika. Nikasimama pale mbele ya kalamu ya Madam, nikatafuta, nikatafuta, kisha nikamwambia sijui, na safari hii ilikuwa kweli.